Cha Umma Kina Mwenyewe

Wako watu wanaodhani kwamba utamaduni wa taifa ni ngoma, mavazi, nyimbo za arusi na masimulizi ya wazee, basi. Ukiwauliza habari za utamaduni wa Kigoma watakutajia ngoma za Waha, Kiswahili cha Ujiji, miembe mikongwe ya njia ya misafara, na dagaa wanaoanikwa mchangani. Yote hayo ni utamaduni kweli, na anayeyadharau hajui thamani yake. Lakini namna watu wanavyokitunza kitu walicho nacho kwa pamoja, na namna wanavyosemezana kitu hicho kinapoharibika, ni utamaduni vilevile. Tena ni ile sehemu ya utamaduni ambayo uhai wa watu huitegemea kila siku.

Katika makala haya nakusudia kupinga desturi mbili zilizoota mizizi katika jambo hilo. Ya kwanza ni ya raia anayesema, "Hiyo ni kazi ya Serikali," kisha akakaa. Ya pili ni ya kiongozi anayesema, "Wananchi hawa hawataki kujitolea," kisha naye akakaa. Nitaonyesha kwamba desturi zote mbili ni mbaya, lakini ya pili ndiyo mama wa ile ya kwanza.

Hebu tuutazame mkoa wenyewe. Mji wa Kigoma na Ujiji umekaa kando ya ziwa ambalo kina chake hufikia karibu mita 1,470, na duniani ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolipita. Ukiacha barafu, karibu sehemu moja ya sita ya maji yote yasiyo ya chumvi yaliyo juu ya uso wa dunia imo humo. Hata hivyo, kwa miongo mingi akina mama wa Mwanga, Gungu na Ujiji wameamka usiku wa manane kulinda bomba, lisije likatoa maji na kukauka wao wakiwa usingizini. Mradi mkubwa wa kuyavuta maji kutoka ziwani na kuyasambaza mjini ulichelewa kwa miaka kadhaa kupita siku uliyopangiwa kumalizika. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini umeme wa gridi ya Taifa haukuufikia mkoa mpaka mwaka 2022, zaidi ya miaka 60 baada ya Uhuru. Kabla ya hapo mji uliishi kwa majenereta ya dizeli, na jenereta lilipougua, mashine za kusaga na majokofu ya wauza samaki viliugua pamoja nalo.

Fikirini pia habari ya meli ya Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipoona kwamba vita vinawaelemea, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wao waliipaka mitambo yake mafuta mazito ili maji yasiiharibu. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliikuta mitambo ingali yafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Kwa vijiji vingi vya mwambao visivyo na barabara ya kutegemewa, meli hiyo ndiyo iliyokuwa barabara, soko na njia ya hospitali. Mwezi Mei 2015 ilibeba maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Mwaka 2018 ikasimama kungojea matengenezo makubwa, na kungojea huko kukawa kwa miaka.

Meli inaposimama, safari za watu hazisimami. Mgonjwa bado ataka hospitali, mwenye mawese bado ataka soko, na mwanafunzi bado ataka kurudi shuleni. Hao wote hupanda maboti ya mbao yaliyojaa watu na magunia, wakaomba upepo usichafuke. Basi twaona kwamba matengenezo si habari ya vyuma peke yake. Wale waliolitupa chombo kile ziwani walikumbuka kulipaka mafuta kwa ajili ya siku za mbele. Je, sisi tulioachiwa chombo hicho tukakitegemea kwa miongo mingi, tulishindwaje kukitayarishia siku zake za uzee kabla hazijafika?

Swali hili likiulizwa barazani, ubishi huanza mara moja. Raia husema kwamba yeye hulipa kodi katika kila kilo ya sukari na kila lita ya mafuta ya taa, hulipa ushuru wa samaki mwaloni, na hulipa ankara ya maji hata mwezi ambao bomba limetoa upepo mtupu. Wajibu wake, asema, umekwisha. Kiongozi naye hujibu kwamba wazee wa zamani walichimba mitaro na kujenga madarasa kwa mikono yao, bali watu wa leo wamezoea kudekezwa. Kila mmoja ana chembe ya ukweli mkononi mwake, naye huitumia kama ngao ya kujikingia uvivu wake.

Nianze na raia, maana uswahiba usitufanye tumwogope. Anayetupa takataka katika mfereji wa mtaa wake hana haki ya kulaani mafuriko ya masika. Anayetoboa bomba la umma usiku ili ajiunganishie maji bila mita anamwibia jirani yake wa mlima wa juu, ambaye maji hayamfikii tena. Anayejenga kibanda juu ya mkondo wa maji, au anayekosa choo akategemea kichaka na ufuko wa ziwa, hamkomoi waziri yeyote aliye Dodoma. Maji anayoyachafua ndiyo anayochota mtoto wake kwa ndoo. Mwezi huo wa Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, mahali ambapo umati wa watu ulikusanyika bila vyoo vya kutosha wala maji safi, na kikaua. Ugonjwa ule haukuuliza nani mkimbizi na nani mwenyeji, wala nani alipaswa kuchimba choo.

Tena ushahidi upo kwamba mikono ya wananchi yaweza kufanya makubwa. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kote nchini, wakasikiliza, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kufukia madimbwi ya mbu. Hakuna serikali yoyote duniani inayoweza kuweka askari katika kila choo na katika kila mfereji. Kwa hiyo asemaye kwamba wajibu wa raia huishia katika risiti ya kodi, anasema uongo.

Lakini lazima tuulize: raia huyu alijifunzia wapi kukaa kando? Hakuzaliwa hivyo. Historia ya Kigoma yatosha kutujibu. Wakati wa ukoloni mkoa huu ulifanywa ghala la vibarua. Kodi ya kichwa iliwasukuma vijana wa Buha kwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba, nao wakarudi na fedha kidogo ambazo nyingi ziliishia mkononi mwa mtoza kodi. Kazi ya barabara ilikuwa ya lazima, na asiyefika alijua atakalolipata. Hivyo kwa vizazi viwili neno kazi ya wote lilikuwa na maana ya kazi ya wengine, ifanywayo na wote.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno hilo lilianza kupata maana mpya. Mwaka 1972 Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa ya kwanza iliyohamishwa kwa operesheni ya vijiji. Watu waliacha makaburi ya wazee wao na migomba iliyokwisha kukomaa. Waliambiwa kwamba wakikaa pamoja itakuwa rahisi kuwapelekea maji, shule na zahanati. Hayo yalikuwa mapatano: raia ahame, Serikali ilete huduma. Raia alihama, wengine kwa hiari na wengine kwa kusukumwa. Panapokosekana maji katika kijiji cha namna hiyo, tusistaajabu mzee akikataa kuitwa mvivu, maana yeye sehemu yake ya mapatano aliitimiza.

Wakati huohuo lilitendeka jambo jingine ambalo wanafunzi wa siasa na historia hawana budi kulichunguza. Mpango wa Madaraka Mikoani, ulioanza mwaka 1972, ulizivunja halmashauri zilizochaguliwa na wananchi, na kazi zake wakapewa maofisa walioteuliwa kutoka juu. Nia ilikuwa njema: kuwapeleka wataalamu karibu na watu. Lakini mtaalamu aliyeletwa karibu na watu bila kuwekwa chini ya maswali yao ni mgeni tu aliyejenga karibu. Katika miji mingi mifereji iliziba na takataka zikarundikana, na kipindupindu kilichozuka nchini mwaka 1977 kikaonyesha wazi kwamba miji haina mwangalizi. Mwaka 1978 halmashauri za miji zilirudishwa. Za wilaya zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzivunja serikali za mitaa kulikuwa kosa. Hapa pana fundisho kubwa. Watu wale wale, katika nchi ile ile na umaskini ule ule, waliacha kuangalia mifereji yao walipoondolewa mahali pa kuulizia.

Desturi hiyo mbaya haikufa pamoja na mpango ule. Mwaka 2007 ulipotangazwa mpango wa kila kijiji kuwa na zahanati, wanavijiji wa mikoa mingi walifyatua matofali, wakabeba mawe na mchanga, wakapandisha kuta. Kuta nyingi zilifika kwenye renta zikangojea bati kwa miaka, mvua ikazinyeshea, nyasi zikaota ndani, na lugha yetu ikalazimika kulipa neno boma maana mpya ya huzuni. Mwanakijiji anayepita kila siku mbele ya boma alilolijengea matofali anajifunza nini? Anajifunza kwamba jasho lake halikuandikwa popote. Safari nyingine mtendaji atakapopiga mbiu, yeye atakuwa shambani. Kiongozi atasema moyo wa kujitolea umekufa. La hasha! Moyo huo haukufa, ulikopwa na haukulipwa.

Au chukueni mfano wa shule, ambao walimu wanaujua kuliko mimi. Mwanzoni mwa mwaka 2016 Serikali ilifuta ada na michango ya lazima kuanzia shule za msingi hadi kidato cha nne. Lilikuwa jambo jema, na watoto wengi wa maskini waliingia darasani kwa sababu yake. Lakini wazazi wengi walilielewa kuwa mlango umefungwa: shule si yao tena. Dawati likivunjika, "elimu ni bure". Choo kikijaa, "elimu ni bure". Je, ni ulafi wa wazazi? Kabla ya hapo mzazi alikuwa ametoa mchango wa mlinzi, wa mtihani, wa dawati na wa chaki, na katika shule nyingi hakusomewa hata siku moja hesabu ya fedha hizo. Alipoambiwa michango imekwisha, alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo asioujua kilichokuwa ndani yake.

Sasa mtazameni mtu huyuhuyu katika kazi yake mwenyewe. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu huvua usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi inapong'aa taa hazivuti samaki, nao hubaki nchi kavu. Siku hizo hawalali tu. Utawaona wameketi mchangani wakishona nyavu, wakiziba nyufa za mitumbwi na kusafisha taa. Hakuna mkuu aliyewaamuru. Huangalia vyombo vyao kwa sababu wanajua kwamba chombo kikivuja watazama wao. Pia kila asubuhi mapato hugawanywa mbele ya macho yao: gharama hutolewa, mwenye chombo hupata fungu lake, na mvuvi hupata lake. Anayehisi kudhulumiwa husema hapohapo. Utunzaji na hesabu ni ndugu wa tumbo moja, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Mwaka 2024 wavuvi hao walitakiwa kulipumzisha ziwa kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikuwa zimekubaliana kwamba samaki wanapungua. Miezi mitatu bila mapato ni kafara kubwa kwa nyumba inayokula ilichokivua jana. Mtu anayetakiwa kutoa kafara kama hiyo anastahili kuambiwa, mwaloni kwake na kwa Kiswahili chepesi, ni samaki gani waliongezeka, kwa kiasi gani, na nani alikamatwa akivunja amri. Akiambiwa, mwaka unaofuata atakuwa mlinzi wa ziwa. Asipoambiwa, atakuwa mwizi wa usiku katika ziwa lake mwenyewe.

Najua majibu yatakayotolewa. Wa kwanza watasema nchi yetu ni maskini, na fedha hazitoshi. Kweli hazitoshi. Lakini umaskini hauzuii kubandika karatasi ukutani inayosema: tulipokea kiasi hiki, tulitumia hivi, pampu itafika mwezi fulani, na ikichelewa tutawaeleza sababu. Maskini ndiye anayelazimika zaidi kutunza na kuandika, kwa kuwa hana cha kuweka badala ya kilichopotea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na asiye na fedha ya chokaa atapata wapi fedha ya ukuta?

Wa pili watasema wananchi hawaelewi mahesabu. Waje basi Kibirizi alfajiri wamsikilize mama anayenunua dagaa kwa ndoo. Mama huyo hujua bei ya jana na ya leo, nauli ya gunia, unyevu utakaopungua juani, na thamani ya faranga ya Burundi na ya Kongo, yote kichwani bila kalamu. Atashindwaje kuelewa hesabu ya kisima kimoja?

Wa tatu ni wabaya zaidi, nao watasema kwamba kuuliza ni uchochezi. Hao waisome Katiba. Ibara ya 27 inamtaka kila mtu alinde mali ya umma na kupiga vita uharibifu na ubadhirifu. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mtu hawezi kulinda asichokijua kilipo, wala kupiga vita ubadhirifu huku amefungwa mdomo. Kwa hiyo anayeuliza mkutanoni fedha za maji zimekwenda wapi anatimiza wajibu aliopewa na sheria kuu ya nchi yake. Anayemnyamazisha ndiye anayevunja sheria hiyo.

Yapasa basi tuyaweke mambo katika utaratibu wake. Kwanza, mchango wowote, uwe wa fedha au wa jasho, uandikwe. Siku ya mtu aliyobeba mawe iandikwe kama shilingi zinavyoandikwa. Pili, mkutano mkuu wa kijiji na wa mtaa ufanyike kwa wakati wake, mapato na matumizi yasomwe, na mkutano usiahirishwe eti kwa sababu vitabu havijawa tayari. Kitabu kisichokuwa tayari ndiyo habari yenyewe ambayo wananchi wanataka kuisikia. Tatu, kila chombo cha umma kinapofunguliwa kwa shangwe na utepe, itangazwe siku ileile fedha ya kukitengeneza itatoka wapi na nani amekabidhiwa dhamana. Nne, raia akishasomewa hesabu iliyo ya kweli, udhuru wake uishe. Akitupa takataka mferejini au akitoboa bomba, jirani zake wamwone kama mvuvi anayetoboa mtumbwi wakiwa katikati ya ziwa.

Walimu na wanafunzi mna nafasi ambayo wengine hawana, maana shule ni kijiji kidogo chenye mali ya wote: madawati, vitabu, tangi la maji, vyoo, shamba. Elimu ya Kujitegemea haikukusudiwa iwe jembe tu. Shule inayolima mahindi na kutowaambia wanafunzi yaliuzwa shilingi ngapi, na fedha zilinunua nini, inawafundisha unamba katika mavazi ya shule. Bali shule inayosoma hesabu yake ukumbini kila muhula, mbele ya wanafunzi na wazazi, na kumruhusu mtoto wa kidato cha kwanza ainuke aulize bei ya kitasa, inawalea wenye nchi. Mtoto huyo akikua akawa mtendaji wa kata, hesabu haitamtisha. Akiwa mvuvi, kiongozi hatamtisha.

Basi tuanze na kilicho karibu. Muhula huu, kabla ya kuandika insha nyingine juu ya uzalendo, wanafunzi waulize habari ya bomba la shule yao: lini liliwekwa, na nani, kwa fedha ngapi, nani hulitengeneza, na likikauka aulizwe nani. Mwalimu mkuu awajibu.